Saa Niliyoiandika Mara Mbili

Baba alipofariki, wazee walitafuta mtu wa kuandika vitu vyake, nikachaguliwa mimi kwa sababu ya mwandiko wangu. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili hapo Kolwezi, mwaka wangu wa kwanza kazini, na herufi zangu zilikuwa za duara na zilizonyooka, jinsi masista walivyotufundisha. Nakiri kwamba nilifurahi. Katikati ya msiba, macho yamevimba kwa kulia, nilifurahi kuwa mimi binti ndiye niliyekabidhiwa daftari na kalamu, na wanaume wazima wamekaa mikono mapajani wakinisubiri. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na majivuno ya karibu zaidi, na wanaonifahamu hawatashangaa nikisema hivyo.

Kwetu ni kaskazini ya Katanga, ingawa miaka ile ya Zaïre ilibidi tuseme Shaba. Baba alifika Kolwezi akiwa kijana, akaingia kazi mgodini, akapanda polepole mpaka akawa msimamizi wa mafundi wa umeme. Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi, nyumba ya matofali ya vyumba vitatu: baba, mama, mimi, wadogo zangu watatu, na baba mdogo. Huyu alikuwa mdogo wake baba, tumbo moja, aliyeletwa kwetu akiwa na miaka saba baada ya bibi kufariki. Mama ndiye aliyemlea. Alipokua akawa fundi wa baiskeli, mtu wa mizaha, vidole vyeusi kwa mafuta hata siku ya Jumapili. Mimi alinizidi miaka kumi tu. Alinifundisha kuendesha baiskeli kwenye barabara ya vumbi nyuma ya kambi, akikimbia nyuma yangu ameshika kiti, na nilipopata kazi ya ualimu akaanza kuniita Mwalimu kwa sauti ya kuchokoza.

"Mwalimu, ata kuku utaisomesha," alikuwa akiniambia nikimkosoa jambo, na nilikuwa nikimkosoa mara kwa mara.

Baba alikuwa na saa ya mkono. Alipewa na kampuni alipotimiza miaka ishirini ya kazi, na nyuma yake walimchongea jina lake la ubatizo. Serikali ilipotuamuru kuacha majina ya wazungu, baba aliitikia yote. Alibadilisha karatasi zake, akaiweka tai yake sandukuni, akashona abakosti, lile koti lisilovaliwa na tai. Lakini saa aliendelea kuivaa, na lile jina lilibaki limegusa ngozi yake mahali ambapo hakuna wa kulisoma. Kila asubuhi kabla ya chai aliitia ufunguo, taratibu, akiiweka sikioni. Sisi watoto tulinyamaza mpaka amalize.

Tumbo lilimkamata kazini siku moja, ghafla. Wenzake walimpeleka hospitali, akapasuliwa, akakaa siku tatu. Siku ya mwisho niliruhusiwa kuingia saa ya kutembelea wagonjwa. Nilimshika mkono. Alikuwa na joto kali, na aliniuliza kama watoto wa shule wanajua kusoma sasa. Nikamwambia wanajua, jambo ambalo halikuwa kweli. Alifariki alfajiri iliyofuata.

Nitaeleza desturi yetu, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Mtu akifariki, vitu vyake vyote huwekwa katika chumba kimoja, na mlango unafungwa kwa kufuli mbili. Ufunguo wa kufuli moja unashikwa na upande wa baba, wa nyingine na upande wa mama. Hapo peke yake unaona jinsi watu wanavyoaminiana. Kisha hufika siku ya kuandika. Watu wa nje hawaingii, ni familia tu. Chumba kinafunguliwa mbele ya wote, kitu kimoja kimoja kinatolewa, kinainuliwa juu, mwandishi anakitaja kwa sauti na kukiandika. Na kabla ya yote, waliomwosha marehemu wanaeleza mwili ulikuwa na nini na kimewekwa wapi.

Aliyesimamia siku ile alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke mrefu mkavu aliyeolewa mbali, upande wa Musumba. Mama hakumpenda tangu zamani, na mwenyewe hakuficha. Shangazi alikaa kwenye kiti cha baba. Mama alikaa chini, kichwa kimenyolewa, kitenge kimemzunguka mpaka shingoni. Ndugu za mama walibanana upande mmoja wa ua, ndugu za baba upande mwingine, na katikati palitandikwa mkeka.

Waliomwosha baba walikuwa wawili: katekista mzee wa parokia na baba mdogo. Walipoulizwa mwili ulikuwa na nini, katekista alisema haukuwa na kitu, baba mdogo akasema hivyo hivyo. Hakuna aliyewaza zaidi. Tukaanza.

Suruali tano. Viatu jozi mbili. Radio moja. Koti moja la mvua. Baiskeli moja, ambayo baba alikuwa ameshamwahidi baba mdogo mbele yetu sote. Nilitaja na kuandika, nikitaja na kuandika, nikijisikia mtu mkubwa. Ikatolewa cherehani.

"Iyi ni yangu," mama akasema polepole. "Alininunulia."

"Alinunua na nini?" shangazi akauliza. "Na mushahara yake. Andika, Mwalimu."

Nikaandika. Mama alishona nguo za nusu ya kambi kwa cherehani ile, na ada yangu ya shule ilitoka humo. Niliandika kwa herufi nzuri.

Vitu vilipokwisha, shangazi aliangalia mkeka kwa muda.

"Na saa?"

Watu wakaangaliana. Wakaingia tena chumbani, wakapekua sanduku, wakatikisa godoro. Saa haikuwepo. Shangazi akamgeukia mama, na sauti yake ilikuwa laini.

"Mama ya batoto, muke njo anayuaka fasi ya bitu ya bwana yake. Saa iko wapi?"

"Siyue, dada."

"Huyue?"

"Sikuiona tangu aende ku kazi siku ile."

Wanawake wawili wa upande wa baba wakasimama. Nilijua wanachotaka. Wangemwingiza mama ndani, wamvue nguo, wakague mikunjo ya kitenge chake. Hata wasipokuta kitu, jina la mwizi lingemkaa. Mjane aliyeficha mali hapewi chochote kwetu, na watoto wake hugawanywa kwa ndugu, huyu huku, yule kule. Niliwaona wadogo zangu wamekaa mlangoni, wa mwisho ananyonya kidole. Hasira ikaja, nikasimama.

"Mumuache mama," nikasema. "Saa ilikuwa ku mukono ya baba. Nilimuona nayo ku hospitali siku ya mwisho. Mama hakuingia pale balimuosha."

Sikutunga. Nilikuwa nimeiona. Niliuona mkono wa baba juu ya shuka nyeupe, na saa kwenye kifundo, wazi kama ninavyouona mkono wangu huu unaoandika. Ningeapa kanisani.

Wale wanawake wakakaa. Ua mzima ukageuka kuwaelekea waliomwosha. Katekista alieleza kuwa yeye aliosha miguu huku akisali, na mikono hakuiangalia. Akabaki mmoja.

Baba mdogo alisimama.

"Mi nilimuosha kaka yangu," akasema. "Nilimuosha kichwa na mikono, nikamuvwalisha. Saa haikukuwa." Kisha akaniangalia mimi. "Weye uliona?"

"Niliona."

"Na macho yako?"

"Na macho yangu."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Ningependa angekasirika. Mimi hasira naijua, ningeijibu. Yeye aliniangalia kama mtu anayetafuta kitu usoni mwangu na hakioni. Halafu akapindua mifuko yake juu ya mkeka: spana ndogo, kipande cha mpira wa kubandikia tairi, kitambaa, nusu mkate uliofungwa kwenye karatasi. Akavua shati, akaliweka. Akavua viatu, akaviweka. Akakaa chini kifua wazi mbele ya wote, mvua ya manyunyu ikianza. Aliyeinuka kumfunika ni mama. Alifungua kitenge cha pili alichojifunga, akamtupia mabegani, akarudi mahali pake bila kumwangalia mtu.

Niliandika hivi: Saa ya mkono, moja. Haikuonekana. Baba mdogo aulizwe.

Hakuna aliyemwuliza tena. Asubuhi alipanda lori la kwenda Fungurume na hatukumwona kwa miaka. Baiskeli akapewa binamu, koti la mvua likaenda kwa mwingine. Nyumba ya kampuni ilikuwa inasubiriwa na mfanyakazi mpya, kama ilivyo kawaida ya kambi, kwa hiyo tulihama haraka tukaenda kumalizia msiba katika ua wa jamaa mmoja, mtaa wa Kasulo. Kilio, yaani matanga, kiliondolewa mapema kuliko inavyotakiwa, kwa sababu kila mtu alitaka kurudi kwake na mzigo wake. Na mama, kwa kuwa alionekana hana kosa, shangazi alimrudishia cherehani.

Mama alirudi kwao kaskazini na wadogo zangu, cherehani imefungwa kwenye blanketi. Nilimsindikiza mpaka kwenye treni. Hatukuwa tumezungumza juu ya siku ile hata mara moja, na nilikuwa nangojea neno la shukrani, sifichi.

"Ulinikinga," mama akasema. Akatengeneza fundo la blanketi. "Lakini ule mutoto, mi njo nilimulea."

Nilikasirika. Nilikaa na hasira hiyo miezi mingi, nikijiambia kwamba nimemwokoa na hana fadhila. Baadaye vita vikaingia Kolwezi, watu wakatawanyika, barua zikakatika. Mama alifariki mwaka uliofuata, kaskazini huko, na mimi nilipata habari baada ya kuzikwa. Namna hiyo ya kufiwa, ya kulia peke yako juu ya kaburi usiloliona, sijui nimweleze nani.

Miaka ikapita. Niliolewa, nikazaa, nikaendelea kufundisha. Siku moja saa ya mezani ya shule iliharibika, nikaipeleka kwa fundi saa karibu na soko. Alikuwa mzee Mwislamu ambaye watu wake walitoka mashariki zamani na biashara, kofia nyeupe, meza ndogo yenye sanduku la kioo, lenzi imebanwa jichoni. Alichukua kikaratasi, akaniuliza jina langu na la baba ili aandike. Nikamwambia. Kalamu ikasimama. Akatoa lenzi.

"Weye ni mutoto ya ule fundi ya umeme wa kambi?"

"Njo mi."

Akainama chini ya meza, akatoa kopo la maziwa lililofungwa kwa kitambaa, akalifungua. Saa ya baba ilikuwa ndani, inatembea.

Naweza kusema nilipigwa na butwaa, lakini maneno hayo hayatoshi. Nililishika lile sanduku la kioo kwa mikono miwili mpaka mzee akaniomba nisilivunje. Niliigeuza saa, nikaona jina la ubatizo.

Alinieleza taratibu. Baba alipita kwake asubuhi, njiani kwenda kazini, akamwachia saa kwa sababu ufunguo wake ulikuwa umekwama. Alisema atarudi jioni. Ilikuwa ndiyo siku tumbo lilimkamata.

"Nilikuya ku kilio, mama," mzee akasema. "Nilikala na baba zenu siku mbili. Saa ilikuwa mu mufuko yangu."

"Na juu ya nini haukuitosha mu mufuko?"

"Kitu ya mufu haiingizwake mu kilio. Na bantu bangesema, angalia huyu, maiti haiyaoza na yeye anakuya kulomba feza ya kazi. Nikasema, ningoye kilio kiishe, nipeleke na heshima."

Alingoja kilio kiishe. Alipokwenda na heshima yake, nyumba ilikuwa na watu wengine, wakamwambia sisi tumerudi kwetu. Vita vilipokuja alikimbia na lile kopo, akarudi nalo. Kila asubuhi aliitia saa ufunguo ili isife. Sikuweza kumlaumu. Alifanya vile mtu mwenye adabu anavyofanya hapa kwetu, na adabu yake ilimmaliza mtu mwingine asiyemjua.

Pale pale sokoni nilifumba macho nikaurudia ule mkono juu ya shuka. Niliutazama safari hii bila haraka, bila shangazi, bila wale wanawake waliosimama. Mkono ulikuwa mtupu. Palikuwa na mstari mpana wa ngozi yake iliyopauka kwenye kifundo, vinyweleo vimelala, alama ya miaka yote ya ukanda. Niliona mahali pa saa, na kwa kuwa sikuwahi kumwona baba bila saa, nikaona saa. Nililia mbele ya fundi saa yule, na wauza mboga wakadhani kuna mtu amekufa.

Juma hilo hilo nilipanda lori la wafanyabiashara mpaka Fungurume. Nilimkuta baba mdogo karibu na mahali malori yanapolala, amejenga kibanda cha mabati, baiskeli zimepinduliwa mbele yake. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Mkewe, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, alikuwa akiuza samaki wakavu pembeni. Watoto wao sikuwahi kuwaona.

"Mwalimu," akasema, na safari hii hapakuwa na mzaha.

Nilipiga magoti kwenye vumbi lenye mafuta. Nilimweleza yote, kikaratasi, kopo, alama ya ngozi, nikamwekea saa mkononi. Aliitazama. Akajifuta vidole, akaitia ufunguo, akaiweka sikioni kama baba. Nikadhani atalia. Akanirudishia.

"Inatembea," akasema.

"Baba mudogo, unisamehe."

"Ulisemea fasi gani kama mi niliiba?"

"Ku kilio."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya bote."

"Basi ukasemee mbele ya bote." Akainama kuchukua gurudumu. "Mi mumoya, niliyua tangu zamani kama sikwiba. Kuniambia mi haina kazi."

Mkewe alinipa maji ya kunywa na sahani ya ugali, nikala nikiwa nimekaa kati yao, na hatukusema juu ya saa tena. Baba mdogo aliniuliza habari za shule. Aliniuliza mama amezikwa wapi, nikamwambia, akauliza kama kaburi lina msalaba, nikasema sijui. Jioni alinitafutia lori zuri la kurudi na akamwonya dereva aendeshe polepole.

Nilianza kuwakusanya watu. Nilidhani ni jambo jepesi, ni kumwandikia kila mtu na kuchagua siku. Nilimpa dereva mmoja barua ya shangazi, jibu lilikuja baada ya miezi: barabara ya Musumba imekatika kwa mvua, magoti yanamwuma, na vitu vya marehemu vimekwisha kugawanywa, nisivifukue. Binamu mwenye baiskeli alisema tungoje kiangazi. Kiangazi kilipofika akasema tungoje Noeli. Mwingine aliniuliza waziwazi kama nataka kumnyang'anya lile koti la mvua, ambalo bila shaka lilikuwa limeshachakaa. Niliwatukana wachache, jambo ambalo halikusaidia. Kila mara nilipokwenda Fungurume baba mdogo hakuniuliza. Aliniangalia tu nikishuka kwenye lori, akaona niko peke yangu, akaendelea na kazi. Nilifanya safari hizo kwa miaka mitatu. Ya mwisho nilimkuta amelala, kifua kimemkaza, hawezi kumaliza sentensi moja bila kukohoa. Aliniambia nimfungulie mlango apate hewa.

Alifariki mvua za kwanza zilipoanza.

Na wote wakaja. Shangazi alikaa siku nne njiani, kwenye barabara ile ile iliyokuwa imekatika, amebebwa juu ya magunia ya muhogo, jicho moja halioni tena. Binamu alikuja. Mwenye koti alikuja. Ndugu za mama walikuja hata kutoka kaskazini. Walijaa ule ua mdogo wa Fungurume, wakiombolezea mtu ambaye hawakutaka kupanda lori kwa ajili yake, na mimi niliwatazama nikatamani kuwafukuza wote, kisha nikakumbuka kuwa ndiyo siku niliyokuwa nimeitafuta. Mwili, uliotolewa mochwari asubuhi ile, ulikuwa bado ndani.

Nikasimama. Sikujua sauti yangu inaweza kuwa ndogo vile. Niliwaonyesha saa, nikaipitisha mkononi mwa kila mmoja, wasome jina nyuma. Nikawaambia: sikuona saa, niliona alama. Nikawaambia nilisema vile kwa kumwogopea mama, na kwamba ukweli huo haunisafishi. Niligeukia mlango wa chumba alimolala nikasema kwa nguvu ili asikie, najua ni upuuzi, lakini nilisema.

"Baba mudogo hakwiba."

Shangazi alikuwa ameishika saa karibu na jicho lake zima. Alianza kulia taratibu, mdomo umefunguka, bila sauti, na mtu akamshika bega. Wengine waliinamisha vichwa. Mmoja alisema tumwombee. Tulimwombea, na tukamzika mchana ule.

Siku ya kuandika vitu vyake, mjane alinipa daftari.

"Alisema weye tu, paka weye, njo utaandika," akaniambia.

Nilichukulia neno hilo kuwa ni msamaha. Nililikumbatia lile daftari kifuani kama mtoto. Kufuli zilikuwa mbili, kama kawaida, mlango ukafunguliwa, mkeka ukatandikwa. Shangazi alikuwa ameshasema tangu usiku uliopita kwamba saa iwe ya marehemu, ipite kwake kwenda kwa mwanawe mkubwa, na wote walikubali kwa haraka ya watu wanaotaka kutua mzigo. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote kutolewa nje niliiweka saa katikati ya mkeka, nikataja kwa sauti, nikaandika kwa herufi zangu za duara: Saa ya mkono, moja.

Mjane alisimama. Alikuwa amekaa chini, kichwa kimenyolewa, kitenge mpaka shingoni, na sikuwa nimewahi kumsikia akizungumza mbele ya watu.

"Futa."

"Mama, iko yake. Bote banaitikia."

"Haiko yake. Haikuingiaka mu iyi nyumba." Hakupaza sauti. "Unaiandika mu bitu byake. Kesho, batoto yangu banakomaa, mutu anasoma iyi liste, anasema: kumbe, saa ilikuwa kwake. Futa."

Niliangalia karatasi. Mwandiko ulikuwa mzuri, safi, ungeweza kutundikwa darasani. Nilipitisha mstari juu ya yale maneno, kisha mwingine, kisha nikasugua mpaka wino ukatoboa karatasi, na mjane alibaki amesimama mpaka alipoona hayasomeki. Ndipo akakaa.

Mtu mmoja alikuwa mlangoni na sanduku la vyuma, akaniomba niondoe saa ili apate mahali pa kuliweka. Nikaiondoa, nikaifunga kwenye pindo la kitenge changu. Nikaandika: Spana, kumi na moja. Tukaendelea mpaka mwisho.

Jioni ile nilitoka kwenye kilio na saa ya baba imefungwa kiunoni, nikapita katikati ya ndugu wote, nikapanda lori. Hakuna aliyenikagua.